TELA LA MAREHEMU: Mtani Akisema Kweli

Wiki nzima mmekuwa mkininung'unikia, najua. Tulimwacha Teodora kwenye uwanja wa magari wa Liaqat pale Kisesa, ufunguo mmoja mkono wa kushoto na mwingine wa kulia, jua la saa sita utosini, na shemeji yake Luhende amesimama getini akitabasamu kama mtu aliyeonja mchuzi wa wenzake kabla haujapakuliwa.

"Chagua, shemeji," alisema Luhende. "Saa kumi haina rafiki."

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakukumbusha mbiombio. Malimi, mumewe Teodora, fundi wa mitumbwi, alifariki akamwachia mjane vitu viwili. Cha kwanza, karakana iliyo kando ya lami, mbali na ziwa, kwa sababu hapo ndipo babake alipokuwa na kiwanja, na kiwanja hakihami. Cha pili, tela la magurudumu mawili alilolichomelea kwa mikono yake ili mitumbwi ifike majini.

Luhende, mdogo wa marehemu, analitaka tela. Ukoo ukakaa, ukala, ukaamua: Teodora auvute mtumbwi wa kwanza hadi Kigongo, kwa gari atakalolichagua mwenyewe, ufike kabla ya saa kumi jioni. Akishindwa, tela linakwenda kwa Luhende. Na fundi wa mitumbwi asiye na tela anajenga vitanda.

Halafu mama mkwe, Bibi Justa, akaongeza la kwake. Lita kumi za dizeli, kwenda na kurudi, basi.

"Gari likinywa zaidi ya hapo," alisema, "litakunywa tela, litakunywa karakana, halafu litaanza na wajukuu wangu."

Haya, tuendelee. Teodora anatazama magari.

Pikapu ya kwanza ni nyeupe, ina milango minne, viti vya ngozi, na taa za mbele zinazokutazama kwa dharau. Ya pili ni ya kijani, ina milango miwili, mmoja umefungwa kwa kamba ya katani.

Mashimba, dalali wa uwanja, akamsogelea. Uso wake ulikuwa mkavu kama wa mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

"Mtani, hilo jeupe liache. Lina turbo, lina injini kubwa kuliko shida yako. Likiwa tupu linakwenda vizuri. Lifungie mzigo nyuma uone, linakunywa kama mjomba harusini."

"Na la kijani?"

"La kijani halina haraka. Injini ndogo, gia za mkono, springi za mzigo, tairi nyembamba. Halivuti kwa hasira, linavuta kwa subira. Moshi wake unaweza kuuanikia shuka jeupe."

"Mlango umefungwa kamba."

"Tela linavutwa na mlango?"

Teodora akacheka mpaka akashika mbavu. Na hapa, wasomaji wangu, ndipo lilipozaliwa kosa.

Ukoo wa Mashimba na ukoo wa kina Teodora ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukudanganya, kukuibia kuku na kumsema vibaya mumeo, na wewe huna ruhusa ya kununa. Siku ya kumzika Malimi, Mashimba alishuka kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana kaburi lile ni zuri mno kwa mtu mchoyo kama marehemu. Akapewa jogoo. Mwaka juzi alimwapia Teodora kwamba anamuuzia mbuzi wa maziwa. Alikuwa beberu.

Kwa hiyo Teodora ana sheria yake: Mashimba akisema kushoto, nenda kulia. Na hajapotea hata siku moja.

"Unaapa?" aliuliza.

"Naapa kwa kaburi la Malimi. Nimelala humo, nalijua."

"Ulilala kwa ajili ya jogoo!"

Akamrudishia Mashimba ufunguo wa la kijani. Luhende akapiga makofi. Mashimba akautia ufunguo mfukoni. Ndiyo adhabu ya mtani: siku anayosema kweli, hata yeye mwenyewe hajiamini.

Liaqat akatoka ofisini anapangusa miwani. Huyu mzee babake aliuza majembe hapahapa, babu yake aliuza majembe hapahapa, na yeye hana papara ya kuuza.

"Mama, sichukui fedha ya gari ambalo halijavuta," alisema. "Nenda nalo Kigongo. Ukiridhika, tutaandikiana. Usiporidhika, lirudishe, tutakunywa chai."

Bibi Justa akadai tangi likaushwe. Likakaushwa mpaka tone la mwisho, Liaqat akishuhudia. Likaletwa dumu la njano la lita kumi, lenye mistari ubavuni, limejaa dizeli hadi shingoni. Kazi hii mafundi wetu wanaijua. Geji ya gari la mtumba huweza kusema uongo, dumu haliwezi. Unavuta mpira kutoka kwenye injini mpaka ndani ya gari, unauchomeka kwenye dumu, gari linanyonya humo, na kila mwenye macho anaona.

Luhende, kwa wema uliomshika ghafla, akajitolea kulala chini ya gari mwenyewe amsaidie fundi kupitisha mpira. Na shati alilovaa lilikuwa la Jumapili.

"Ubarikiwe, shemeji," alisema Teodora.

Ee Mungu, wanawake wengine tuna shukrani za bure.

Kufunga tela kukawa kazi. Mdomo wake ulikataa ndoano ya gari jeupe. Fundi akagonga nyundo, akaongeza nati, akazungushia mnyororo. Mwishowe tela likakubali, lakini kwa uso wa bibi harusi aliyelazimishwa.

Bibi Justa akaketi mbele, dumu katikati ya magoti. Mashimba akajibanza nyuma. Teodora akashika usukani. Mtumbwi ukaondoka Kisesa pua mbele, ukiyumba juu ya lami kwa madaha.

Hawakwenda mbali.

"Limeshuka mstari mmoja," alisema Bibi Justa.

"Tumevuka tuta moja tu, mama!"

"Mimi sihesabu matuta. Nahesabu mistari."

Teodora akapunguza mwendo. Dumu halikupunguza. Likaenda mstari wa pili, likaenda wa tatu.

"Hili halinywi," alisema Bibi Justa. "Hili linaoga."

Akachungulia kwenye kioo cha pembeni, akakunja uso.

"Lakini mbona halitoi moshi? Gari linalokunywa hivi si lingekuwa limetuachia wingu jeusi? Nimeishi na walevi, sijaona mlevi asiyenuka."

Kumbukeni maneno hayo, nitayahitaji.

Walipofika Usagara, njia ya Kigongo ikiwa bado mbele yao, dumu lilikuwa limebakiwa na chini ya nusu. Teodora akaegesha kando, akazima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani.

Nyuma ikasikika pikipiki. Luhende. Alikuwa na kopo la rangi mapajani.

"Pole, shemeji. Nimepita tu. Nilikuwa nawaza tela nilipake bluu, au unaonaje?"

Teodora akashuka, akamgeukia Mashimba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia!"

"Uliniambia kama mtani!"

"Sasa nikuambie kama nani? Mimi ndiye huyuhuyu, sina mwingine nyumbani!"

"Ungenuna kidogo! Ungelia! Ningejua ni kweli!"

"Kwenye msiba wa mumeo nililia, ukasema naigiza."

Na ni kweli Teodora alisema hivyo.

Mashimba akamgeukia bibi, akapiga magoti pale kwenye kokoto. "Mayu, mama yangu, niruhusu nikalilete la kijani. Tumalizie na hayo yaliyobaki."

"Haiwezekani!" alifoka Luhende. "Gari ni moja! Mama, ulisema gari moja!"

Bibi Justa akalitikisa dumu, akasikiliza mlio wake.

"Nilisema lita kumi," alijibu. "Magari sikuyahesabu."

Mashimba akadandia bodaboda bila kuuliza nauli. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Betri ya la kijani, kumbe, ilikuwa imeazimwa na mwenye mashine ya kusaga, na mwenye mashine alikuwa amekwenda kuoga. Teodora akatembea kwenda na kurudi mpaka akachora njia kwenye vumbi. Luhende akanunua mahindi ya kuchoma, akamgawia kipande. Teodora akakikataa. Luhende akakila mwenyewe kwa raha.

Saa tisa na dakika kumi la kijani likatokea, linanguruma kama mashine ya kusaga yenyewe.

Mashimba hakutaka msaada wa mtu. Akajilaza chini ya injini, akatoka na mipira miwili, akaichomeka yote kwenye dumu la bibi. Kisha wakasukuma tela.

Mdomo wa tela ukashuka juu ya ndoano ya la kijani. *Ko.* Mara moja. Bila nyundo wala nati, kana kwamba vyote viwili vilinyonya ziwa moja.

Teodora akainama, akapitisha kidole kwenye mshono wa chuma. Akachelewa kukitoa.

"Nani alichomelea ndoano hii?"

"Mafundi," alisema Mashimba harakaharaka. "Twende, mtani, saa inakwenda."

Wakaliacha jeupe kando ya barabara. Bibi Justa ndiye aliyefunga milango, funguo zote akazipindia kwenye pindo la kanga yake.

Sasa Mashimba alikaa mlangoni, yaani aliushikilia, maana kamba ilikuwa imelegea.

"Usilikimbize," alimwelekeza. "Mlima ukiuona, shusha gia mapema, usisubiri lilie. Mguu uwe kama umekanyaga kifaranga na hutaki mama yake ajue."

"Dumu linasemaje, mama?" aliuliza Teodora.

"Limenyamaza."

"Limeshuka?"

"Nimesema limenyamaza. Wewe tazama barabara."

Malori yakawapita. Noah ikawapita. Mzee mmoja mwenye baiskeli na tenga la kuku akawakaribia kwenye mteremko, akatazama mtumbwi, akatabasamu, akawapita. Teodora akauma meno, mguu haukuongezeka hata unywele. Luhende nyuma yao alikuwa akitazama saa kila baada ya nguzo ya umeme.

Saa kumi kasoro dakika saba wakateremka Kigongo, pale kwenye kivuko cha zamani, ambako tangu daraja lifunguliwe wauza sambusa wanayapungia magari yanayopita juu.

Odeta, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi kilichoagiza mitumbwi sita, alikuwa amekwisha fungasha kiti chake.

"Mama mitumbwi! Shemeji yako alinipigia asubuhi, akasema biashara umeiacha."

"Alinipigia mimi pia makofi," alisema Teodora. "Nishushieni mtumbwi."

Wanaume wanane wakausukuma. Ukaingia ziwani, ukaelea, hata tone halikuvuja. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakapiga vigelegele. Saa kumi kasoro dakika mbili.

Teodora akavuta pumzi ya kwanza tangu saa sita. Kulikuwa bado na safari ya kurudi Kisesa, lakini tela lingekuwa tupu, na dumu lilikuwa na vidole vinne vya dizeli.

Hapo ndipo Bibi Justa, bado ameketi ndani na dumu lake, akamuuliza Teodora, mama wa mjukuu wake Precious, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Mama Precious, hili la kijani limenichomekea mipira miwili. Mmoja unanyonya, huu mwingine unarudisha. Nauona unatema. Sasa lile jeupe lilikuwa na mpira mmoja tu kwenye dumu. Wa kurudisha ulikuwa unatema wapi?"

Hata dagaa waliacha kukauka.

Kila injini ya dizeli, wasomaji wangu, inavuta mafuta mengi kuliko inayochoma, na ziada inairudisha. Kama mpira wa kurudisha hauko kwenye dumu, basi umebaki kwenye tangi. Gari jeupe halikuwa linakunywa kama mjomba harusini. Lilikuwa linahamisha.

Na aliyelala chini yake na shati la Jumapili, mnamjua.

Macho yote yakamgeukia Luhende. Luhende akawa amekwisha panda pikipiki. Ikawaka kwa kiki moja, vumbi likatanda, akashika njia ya Usagara.

"Anakwenda kulimwaga!" alipiga kelele Teodora. "Anakwenda kukausha tangi! Mashimba, panda!"

"Mwacheni aende," alisema Bibi Justa. "Apunge upepo." Akafungua pindo la kanga, akatoa kifunguo kidogo kuliko vyote. "Kizibo cha tangi kina kufuli."

Wakarudi taratibu, mguu juu ya kifaranga. Lakini ndani ya gari hakukuwa na furaha, maana Teodora alikuwa anapiga hesabu isiyokaa sawa.

"Mashimba."

"Naam, mtani."

"Kama tangi lina mafuta, Luhende ni mwizi, na tela ni langu. Sawa?"

"Sawa."

"Lakini kama tangi lina mafuta, lile jeupe halinywi. Na wewe uliapa kwa kaburi la mume wangu kwamba linakunywa."

Mashimba akatazama nje. Mlango ulikuwa unahitaji kushikiliwa kwa mikono miwili, ghafla.

"Kwa nini ulikuwa unataka nichukue hili la kijani?"

"Linavuta vizuri. Hukuona?"

"Nimeona. Nimekuuliza kwa nini."

Mashimba akaikaza kamba ya mlango. Na Mashimba asipojibu, jueni kuna siri ameizika.

Usagara walimkuta Luhende amechuchumaa kando ya gari jeupe na bisibisi mkononi. Kizibo kilikuwa na mikwaruzo mingi kuliko ng'ombe aliyepita kwenye katani. Watu wa kijiweni walikuwa wamekwisha kusanyika, maana mtu mwenye shati zuri anapochokonoa tangi la gari, hilo ni sinema.

"Natazama kama linavuja," alisema Luhende.

"Umefanya vizuri," alisema mama yake. "Sogea."

Akafungua kufuli. Akaomba kijiti. Akakitumbukiza taratibu, kama anayepima maji ya ugali, kisha akakitoa na kukiinua juu watu wote waone.

Kijiti kilikuwa kimelowa urefu wa kiganja. Harufu ya dizeli ikawafikia mpaka wauza mahindi.

"Tangi lilikaushwa mbele ya Liaqat," alisema Bibi Justa. "Haya yameingiaje? Yamenyesha?"

Watu wakaguna. Luhende akatoa kitambaa, akapangusa jasho, akakumbuka ni kitambaa alichofutia mikono ya dizeli. Uso ukang'aa.

"Dizeli hiyo inyonywe irudi kwenye dumu langu," aliamuru bibi. "Na tela ni la mama Precious. Aliyelichomelea ni mume wake. Nikisikia jina la tela mdomoni mwako tena, Luhende, nitasimulia hapa ulivyokojoa kitandani mpaka darasa la tano."

Kijiwe kikalipuka kwa kicheko. Hapo ningeweza kuwapeleka nyumbani mkalale. Teodora ameshinda, mwizi ameaibika, bibi ana dumu lake.

Lakini mtu aliyeaibishwa mbele ya mama yake ni hatari kuliko mamba. Luhende akasimama.

"Ndiyo! Mpira niliuacha kwenye tangi mimi! Lakini kwa nini mnanitazama mimi peke yangu? Muulizeni huyo dalali hilo gari la kijani ni la nani! Siyo la Liaqat! Liaqat mwenyewe nimemsikia akilalamika kwamba limewekwa tu uwanjani kwake, anataka lihamishwe. Ni lake huyu Mashimba! Aliwasifia mali yake, akawauza wote!"

Teodora akageuka polepole.

"Kweli?"

Mashimba, aliyemcheka mchungaji madhabahuni, aliyemtania marehemu akiwa ndani ya shimo, alikuwa amesimama kama nguzo.

"Kadi ya gari iko wapi?" aliuliza Teodora.

Macho ya Mashimba yakamsaliti. Yalikwenda kwenye kidroo kilicho mbele ya kiti cha abiria, kile ambacho Bibi Justa alikuwa amekiegemezea magoti njia nzima.

"Mtani," alisema Mashimba, na sauti yake haikuwa na chembe ya mzaha. "Nakuomba. Usikifungue."

Sasa, Teodora ana sheria yake, mnaikumbuka. Siku nzima ilikuwa imemchapa kwa ajili ya sheria hiyo. Lakini sheria ni sheria. Mtani akisema usifungue, unafungua.

Akafungua.

Humo mlikuwa na spana moja, kipande cha sabuni, na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha, kadi. Teodora akaisoma. Akarudia, safari hii kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Akakalia ngazi ya gari.

"Soma kwa sauti," alisema Bibi Justa. "Miwani yangu nimeiacha Kisesa. Gari ni la Mashimba?"

"Hapana, mama."

"La Liaqat?"

"Hapana." Teodora akarudisha kidole kwenye jina. "Mwenye gari... mwenye gari ni Malimi Kashindye."

Hata Luhende akasahau kufunga mdomo.

Bibi Justa akalishusha dumu chini. Lile dumu alilolikumbatia tangu saa sita, akaliweka kwenye kokoto bila kutazama limebakiwa na vidole vingapi. Akamtazama Mashimba, halafu akamtazama mkwewe.

"Soma tena," alisema. "Huyo nilimzaa mimi."